Rimu Mpya, Mtetemo Mpya: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa Tena

Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya wamiliki wa magari binafsi, Dar es Salaam



Naomba nianze na lalamiko lililofika kwenye dawati letu la watumiaji, kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote niliyotumwa kuyasema.

Mama mmoja mfanyabiashara ana gari la juu, Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu. Alinunua rimu nne mpya za aloi za inchi 17 pamoja na matairi manne mapya ya kipimo cha 225/65R17. Duka lilichukua rimu na matairi yake ya zamani kuwa sehemu ya malipo. Mjini gari lilikwenda vizuri. Siku chache baadaye akasafiri kuelekea Morogoro, na alipokwisha kuiacha Kibaha na mwendo ukafika kilomita 90 kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake. Akipunguza hadi 70, unatulia. Akiongeza, unarudi.

Alirudi dukani mara tatu, na mara zote tatu magurudumu yalifanyiwa balansi. Mara mbili za mwisho alilipia. Mashine ilionyesha sifuri, gari likaendelea kutetemeka. Mara ya nne aliambiwa: "Mama, balansi iko sawa, tatizo ni miguu ya gari lako." Akaandikiwa, nyuma ya kadi ya biashara, orodha ya bolijointi mbili na shokapu mbili za mbele. Hakununua. Alikuja kwetu na kadi ile mkononi, akauliza swali ambalo hadi leo naliona kuwa bora kuliko majibu mengi niliyowahi kuyasikia: gari lililoingia dukani likiwa tulivu limepataje shokapu mbovu kwa saa mbili?

Mimi si fundi. Kazi yangu ni kusoma malalamiko na kuwauliza mafundi na wahandisi wetu maswali ambayo mlalamikaji hakupata nafasi ya kuyauliza. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwao.

Hebu tuanze na gramu. Tairi la kipimo nilichokitaja, gari likiwa katika kilomita 100 kwa saa, huzunguka takribani mara 12 kwa kila sekunde. Ikiwa ukingo wa rimu una uzito wa ziada wa gramu 20 upande mmoja, uzito wa vijiko vichache vya sukari, kwa mwendo huo gramu hizo huvuta gurudumu kwa nguvu inayokaribia kilo mbili na nusu: juu, mbele, chini, nyuma, mara 12 kwa sekunde. Ndiyo maana vipande vidogo vya risasi hubandikwa kwenye rimu, na ndiyo maana mtetemo wa balansi hauonekani mjini. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa inabaki robo yake tu.

Basi kwa nini mashine ilionyesha sifuri na gari likatetemeka? Hapa ndipo wengi hupotea, wakiwamo mafundi waaminifu. Mashine ya balansi hulipima gurudumu likiwa limefungwa kwenye mhimili wa mashine. Haijui lolote kuhusu namna gurudumu hilo litakavyokaa kwenye gari. Likikaa nje ya kitovu chake, balansi yote iliyofanywa haina maana.

Habu ya RAV4 ina mdomo wa duara unaojitokeza katikati, wenye kipenyo cha milimita 60 na kidogo. Rimu ya kiwandani ina tundu la kipimo hichohicho, hivyo huvaa kama kifuniko kwenye chupa na kukaa katikati yenyewe. Rimu zinazouzwa madukani hutengenezwa zifae magari ya aina nyingi, kwa hiyo nyingi huachwa na tundu kubwa, mara nyingi la milimita 73. Matundu matano ya boliti yanaweza kulingana kabisa na ya gari lako, rimu ikaingia bila shida, na bado katikati kukawa na nafasi ya milimita 13. Nafasi hiyo ilipaswa kujazwa na pete nyembamba ya plastiki au aluminiamu. Bila pete, gurudumu hutegemea nati peke yake kulivuta katikati. Fundi akilifunga gari likiwa limeshushwa chini, au akaanza kwa kukaza nati moja hadi mwisho kwa mashine ya upepo, gurudumu hubaki limeegemea upande.

Limeegemea kiasi gani? Wahandisi wetu walinifanyia hesabu hii, nami niliomba wairudie. Rimu na tairi la gari kama hilo vina uzito wa kilo 20 hivi. Vikikaa kando ya kitovu kwa nusu milimita tu, athari yake ni sawa na kubandika karibu gramu 50 za risasi upande mmoja wa rimu. Nusu milimita huwezi kuiona kwa macho. Hata kutu au udongo mwekundu uliokauka kwenye uso wa habu unatosha kulipotosha gurudumu, na katika magari yanayotembea barabara za vumbi udongo huo ni wa kawaida sana. Habu ilipaswa kupigwa brashi ya waya kabla rimu mpya haijavishwa. Ulizeni kama ilipigwa.

Mashine nayo hukosea ikitumiwa vibaya. Upo ukaguzi ambao mteja yeyote anaweza kuuomba bila kumkosea fundi heshima. Gurudumu likishaonyesha sifuri, lifunguliwe kwenye mashine, lizungushwe nusu duara, lifungwe tena na kupimwa upya. Sifuri ikigeuka kuwa gramu 20 au 30, gurudumu halikukaa katikati ya mashine yenyewe, na vipande vyote vya risasi vilivyobandikwa vilitokana na kipimo cha uongo. Ukaguzi huu huchukua dakika mbili kwa gurudumu moja.

Kabla ya kurudi dukani, lisikilizeni gari lenyewe, kisha liandikeni. Mtetemo ulioko kwenye usukani kwa kawaida hutoka magurudumu ya mbele. Ulioko kwenye kiti na sakafu hutoka nyuma. Unaokuja tu mnapokanyaga breki unaelekeza kwenye diski za breki, na hauhusiani na balansi. Unaokuja mnapokanyaga mafuta na kutoweka mnapoachia unaelekeza kwenye shafti na viungo vyake. Unaokuwapo asubuhi na kuisha baada ya kilomita chache huenda ni wa tairi lililosimama siku nyingi likabonyea chini, na huo hauhitaji malipo yoyote. Mkishajua hayo, hamishieni magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, mrudi barabara ileile kwa mwendo uleule. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kitini, mmethibitisha kwamba umo ndani ya magurudumu. Shokapu hazihami.

Tairi jipya nalo linaweza kuwa na kasoro. Karibu na rimu, kila tairi lina mstari mwembamba unaolizunguka ubavuni. Umbali kati ya mstari huo na ukingo wa rimu uwe sawa pande zote. Ukiwa mpana upande mmoja, tairi halijakaa vizuri ndani ya rimu, litolewe upepo na kukalishwa upya. Kisha gari linyanyuliwe kwa jeki, chuma kisichotikisika kiwekwe karibu na kashata, gurudumu lizungushwe polepole kwa mkono. Pengo likipanuka na kufinyika kwa zaidi ya milimita moja na nusu, tairi au rimu si duara kamili, na hakuna risasi itakayoliponya. Someni pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuitwa jipya dukani na likawa limekaa ghalani miaka mingi.

Kuhusu alaimenti nitasema kwa ufupi. Alaimenti mbaya hulivuta gari upande mmoja na kulila tairi vibaya, lakini haisababishi mtetemo unaokuja kwa 90 na kutulia kwa 70. Mtu akiwauzia alaimenti kuwa tiba ya mtetemo huo, mwombeni aeleze inaponyaje.

Jambo la usalama, na hapa naomba tusitaniane. Mtetemo unaoanza ghafla au unaozidi kila siku baada ya kufungwa rimu mpya unaweza kuwa ni nati zinazolegea. Simameni pembeni, kagueni. Hatari hii ni kubwa zaidi mnapobadilisha aina ya rimu, kwa sababu rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, ilhali rimu nyingi za madukani huhitaji nati zenye ncha ya pia. Nati bapa ikifungwa kwenye tundu la pia hugusa sehemu ndogo tu ya chuma, na italegea hata ikikazwa kwa nguvu zote. Nati zikazwe kwa msalaba, gurudumu likiwa limenyanyuliwa, kisha zimaliziwe kwa spana yenye kipimo; kwa RAV4 kipimo hicho ni nyutoni mita 103. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Sasa nirudi kwenye haki zenu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia, akategemea ujuzi wake. Mkimwambia muuzaji, "Nataka rimu za gari hili," naye akazichagua na kuzifunga, ametoa neno kwamba zinafaa. Tatizo letu dawatini huwa ni ushahidi. Risiti nyingi tunazoletewa zimeandikwa "rimu 4" basi. Dai risiti ya kielektroniki, na dai iandikwe aina ya gari, kipimo cha rimu na tairi, na kwamba kufunga na balansi vimo ndani ya bei. Mkirudi na lalamiko, liandikeni: mwendo gani, mtetemo wapi, kuanzia tarehe gani. Atakayewaambia mnunue vipuri, aandike sababu na jina lake chini, na asiandike nyuma ya kadi.

Na rimu zenu za zamani msiziache dukani siku hiyohiyo. Najua mahali pa kuziweka ni shida, na punguzo la bei linavutia. Lakini rimu hizo ndizo kipimo chenu. Mkizirudisha kwenye gari na mtetemo ukatoweka, mabishano yamekwisha. Mama yule hakuweza kufanya hivyo. Zake zilikuwa zimeuzwa.

Tulimwomba arudi dukani pamoja na ofisa wetu. Gurudumu la mbele kushoto lilifunguliwa mbele yetu sote. Habu ilikuwa na kutu na udongo, na tundu la rimu lilikuwa pana kiasi kwamba kidole changu kidogo kiliingia pembeni mwa mdomo wa habu. Fundi alitazama, akanyamaza, kisha akamtuma kijana kwenda kutafuta pete. Aliyekwenda alirudi na pete nne za plastiki zilizofungwa kwa mpira, bei yake ndogo kuliko ya balansi mbili alizolipia mama huyo. Habu zikasuguliwa, pete zikavishwa, nati zikabadilishwa kwa zenye ncha ya pia, kwani hata hizo hazikuwa zake. Duka lilirudisha fedha za balansi mbili. Jumapili iliyofuata mama alitupigia simu akiwa Chalinze.

Dawati liko wazi siku za kazi. Njooni na risiti, na ikiwezekana njooni na gari.