Mvinyo Mwekundu wa Dodoma na Somo Lake kwa Wakulima wa Michikichi
(Hotuba ya Katibu, Gungu)



Katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu, Kamati imenitaka niseme juu ya mvinyo mwekundu wa Dodoma. Huenda mtu akauliza: sisi wakulima wa michikichi twahusika nini na zabibu? Tena wengi wetu dini imetukataza kileo. Sikuja kumshawishi mtu anywe, bali kueleza jinsi tunda la mkulima lipatavyo thamani, au liipotezavyo.

Dodoma ipo kwenye Reli ya Kati, njia ile ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, nayo ikakubali. Kwa kuwa huko hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huupogoa, ukachipua tena, naye huvuna mara mbili kwa mwaka.

Wekundu wa mvinyo hutoka katika ganda la zabibu. Zabibu hupondwa na kuachwa pamoja na maganda yake, na chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Ganda hilo ndilo liletalo ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Katika mvinyo mzuri, ukakasi hupatana na harufu ya matunda yaliyoiva na uchachu kidogo uamshao mate.

Ukakasi hupenda nyama na mafuta: mbuzi wa kuchoma, nyama ya ng'ombe, hata maharage yaliyoungwa kwa mawese. Lakini migebuka na dagaa wetu hawapatani nao. Mafuta ya samaki huacha mdomoni ladha ya chuma. Pilipili nyingi nayo huzidi kuwasha. Kwa jua letu hili, chupa ipozwe kidogo, wala mvinyo usitiwe barafu.

Ndugu wanachama, hapana fundi awezaye kutoa mvinyo mwema katika zabibu mbovu. Zikivunwa mbichi, sukari huwa haba. Zikiachwa juani, huanza kuchacha zenyewe. Wakulima wa Dodoma wamepata kuona zabibu zikiwaozea kwa kukosa mnunuzi, na asiye na mnunuzi siku ya mavuno huuza kwa bei yoyote atakayotajiwa.

Chikichi ni vivyo hivyo. Tunda likichubuka, asidi huanza kupanda ndani ya mafuta. Najua twalundika mikungu ili matunda yapukutike kwa wepesi; lakini kila siku ya ziada twailipa kwa ubora wa mawese yetu. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, tukate mkungu ulioiva tu. Pili, tugawane siku za kuvuna kwa zamu, ili matunda yakamuliwe mapema. Tatu, Chama kitafute mnunuzi kabla ya msimu, wala si wakati mapipa yamekwisha jaa.

Tukifanya hivyo, miaka kumi ijayo mnunuzi atakuja Gungu akiulizia mawese yetu kwa jina.