Tukabidhiane Zamu



Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilianzishwa Novemba 1961. Mwezi uliofuata, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ikawa huru. Ni rika moja. Tarehe 1 Julai 2025 shirika hilo lilisimamisha kazi zake, na zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya hapa.

Sisi wauguzi tuliofanya kazi nyumbani kabla ya kuja kusoma huku hatuwezi kusema misaada ilikwenda sawa siku zote. Tulijaza daftari la serikali, kisha la mradi huu, kisha la mradi ule, na mgonjwa ni yuleyule. Kliniki ya VVU ilikuwa na kompyuta na watumishi wa kutosha. Hatua chache tu, wodi ya wazazi ilikuwa na muuguzi mmoja na kina mama watatu wenye uchungu. Mageuzi yalihitajika, na tuliyaomba.

Lakini kila muuguzi, huku na kule, hufundishwa jambo moja: huondoki wodini kabla ya kukabidhi zamu. Unapita kitanda kwa kitanda, unaeleza nani amepewa dawa na nani bado. Januari 2025 misaada ilisimamishwa kwanza, mapitio yakafuata. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU hawezi kuziacha akingoja mapitio. Kosa si kubadili shirika. Kosa ni kuondoka bila kukabidhi.

Na anayepokea zamu naye sharti awepo. Mwaka 2001, mjini Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nyingi hazijafika hapo.

Basi nasi tufanye letu. Wenye uraia wa hapa, tuwaandikie wawakilishi wetu bungeni tudai makabidhiano yenye tarehe, dawa na watu. Tunaotuma fedha kila mzazi anapougua, tumlipie bima akiwa bado mzima. Sheria ya bima ya afya kwa wote Tanzania inayo tangu 2023.

Nanyi watoto wetu mnaosomea afya, msikiache Kiswahili. Bibi mgonjwa hueleza maumivu yake kwa lugha yake, na zamu hiyo ipo siku mtaipokea ninyi.