Weusi wa Kikaango si Uchafu

(Hotuba kwa wenyeji wa Kisii na Nyamira)



Katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira, sifa ya jiko huonekana katika sufuria zake. Baada ya chakula husuguliwa kwa majivu na mchanga, kisha huanikwa juani zikang'aa. Desturi hiyo ni njema kwa sufuria. Lakini kikaango kizito cha chapati, ambacho wengine hukiita tawa, kikisuguliwa hivyo huharibika.

Sababu ni hii. Sufuria nyingi ni za alumini, ambayo haishiki kutu. Kikaango ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na chuma hicho hushika kutu upesi. Kinga yake ni ile ngozi nyeusi iliyo ndani. Ngozi hiyo si masizi. Ni mafuta yaliyopata moto mara nyingi hata yakawa magumu na kushikamana na chuma, nayo huzuia chapati isigande. Majivu yana magadi ambayo huila ngozi hiyo, na mchanga huikwangua. Chuma kikibaki wazi katika nchi hii ya milima, ambako mvua hunyesha karibu miezi yote, kutu haikawii kuingia.

Yafaa basi kikaango kisafishwe kingali na joto kidogo, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa. Chakula kilichoganda kisuguliwe kwa chumvi ya mawe. Kisimwagiwe maji baridi kikiwa cha moto sana, maana chaweza kupasuka; wala kisilale ndani ya maji. Kikaushwe juu ya moto mpaka unyevu wote uishe, kisha kipakwe mafuta membamba na kufutwa. Masizi ya kuni yaliyo chini yaweza kukwanguliwa bila hofu. Ndizi zilizoungwa kwa nyanya zipikwe katika sufuria, kwa kuwa ukali wa nyanya huiondoa ngozi ile.

Na kikaango kilichokwisha kushika kutu? Wengi hukiona kimekufa, wakakiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kwa bei ndogo, kisha wakanunua kingine kwa fedha nyingi. Hiyo ni hasara bure. Hapa ndipo mchanga hufaa: kisuguliwe mpaka kutu yote itoke, kioshwe, kikaushwe motoni. Kipakwe mafuta kidogo sana, kifutwe kana kwamba hayakupakwa, kisha kipashwe moto mpaka kitoe moshi, na kuachwa kipoe. Kazi hiyo irudiwe mara tatu au nne, na weusi utarudi.

Kikaango kisichopasuka chaweza kumpikia mama, kisha binti yake, kisha mjukuu. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.