Ujuzi wa Jirani

Msikilizaji, twende kidogo Washington, katika mtaa wa Shaw. Mwaka 1968, Martin Luther King alipouawa, maduka mengi ya mtaa huo yaliteketezwa. Mwaka 1974 ikafunguliwa zahanati ya bure, Zacchaeus, ikihudumiwa na madaktari wa kujitolea. Miaka miwili baadaye makanisa ya jijini yakaanzisha Bread for the City, kugawa chakula na nguo. Mwaka 1995 taasisi hizo mbili zikaungana. Leo, kwenye Barabara ya 7, mwenye njaa hupewa chakula, hutibiwa, na hupata hata wakili wa kumtetea asitolewe nyumba aliyopanga.

Huyo wakili ndiye anayenigusa zaidi, kwa kuwa kodi za Shaw zimepanda mno na wakazi wa zamani wamehamishwa na bei. Kwetu msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, umejenga madarasa na kuchimba mitaro, kazi ya heshima kubwa. Ila tunaita mikono tu. Muuguzi mstaafu, mhasibu, mwanasheria kijana wapo mtaani, na hakuna anayewabishia hodi. Wenyeviti wa mitaa wanaweza kuanza kuwaorodhesha kwenye mkutano ujao.