Nani Anadaiwa katika "Malaika"?



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Mwenzangu mmoja katika fani ya fasihi, msomi ninayemheshimu, alisimama kikaoni akasema kwamba wimbo wa "Malaika" hauwezi kufasiriwa mpaka tujue kwa hakika nani aliutunga na msichana aliyeimbiwa alikuwa nani. Kabla ya hapo, alisema, kila tutakalolisema ni kubahatisha. Wengi waliokuwapo walikubali. Mimi nilitoka na hasira ambayo haijanitoka hadi leo. Kauli ile, ikishikwa kama sheria, itatunyima haki ya kufasiri nyimbo zetu nyingi, kwani watunzi wa nyimbo za kutoa mwali, za kumpokea mtoto wa kwanza, za matanga, hatuwajui wala hatutawajua.

Historia ya rekodi yenyewe mnaijua, sitawachosha nayo. Fadhili William, kijana wa Kitaita aliyezaliwa 1938, aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaubeba Marekani mwaka 1965, Boney M. wakauimba 1981, Angélique Kidjo 1991. Tangu hapo hakuna hoteli ya Mombasa isiyoupiga kwa wageni.

Sasa tumpe mwenzangu haki yake. Tufanye anavyotaka, tuwatafute mtunzi na msichana. Tunakuta nini? Tunakuta madai yanayogongana. Fadhili William alidai hadi kifo chake mwaka 2001 kwamba wimbo ni wake, na inasimuliwa kwamba aliutunga kwa ajili ya msichana wa Nairobi aliyempenda, akashindwa kumlipia mahari, msichana akaolewa na mwingine. Mtanzania Adam Salim naye alidai aliutunga katikati ya miaka ya 1940, kwa ajili ya binti ambaye wazazi waliukataa uhusiano wao na kumwoza kwa tajiri. Wako pia wanaomtaja Lucas Tututu wa pwani ya Kenya. Mwenzangu anasema basi tungoje mpaka ubishi huu uamuliwe.

Mimi nasema tuzitazame hadithi mbili za mwanzo kwa makini, maana ndani yake mna jambo ambalo wenye kutafuta mtunzi wamelipita mbio. Zinatofautiana kwa nchi ya msimulizi, kwa karibu miaka 15, na kwa msichana. Hazitofautiani kwa kisa. Zote zina kijana maskini, binti, na mwanamume mwenye uwezo anayemchukua. Kama mmoja kati ya watu hawa wawili hakuutunga wimbo huu, alipata wapi kisa kilichokaa sawasawa na maneno yake? Alikipata maishani. Vijana waliokuwa na kisa kama hicho walikuwa wengi katika Afrika Mashariki ya miaka ile, na yeyote kati yao angeweza kuapa mahakamani kwamba wimbo ni wake bila kuona kwamba anasema uongo. Ikiwa watu wawili wasio na uhusiano wanaweza kuudai wimbo mmoja kwa dhati, basi kumjua wa kweli kutatusaidia kugawa mirabaha. Hilo ni jambo la haki, na silidharau. Maana ya wimbo haitasogea hata hatua moja.

Kuna jambo zito zaidi. Usikilizeni wimbo wenyewe, neno kwa neno. Yuko wapi yule mwanamume mwenye mali? Hayumo. Hadithi zote mbili zinamtegemea mshindani, lakini wimbo haumtaji, haumdokezi, haumwonei hata wivu. Wako wapi wazazi waliokataa? Nao hawamo. Binti halaumiwi kwa kubadili moyo. Msemaji anamwita mpenzi wake, anakiri kwamba anampenda, anajitambulisha kuwa ni wa rika lake, kisha anasema kilichomshinda ni kukosa mali na kwamba angelikuwa nayo angemwoa. Baadaye analalamika kwamba fedha zinamsumbua rohoni, na mwishoni anamgeukia ndege mdogo katika mawazo yake. Basi. Anayeisoma hadithi ya Fadhili au ya Salim ndani ya maneno hayo anaongeza watu ambao mtunzi, awe nani, aliamua kuwaacha nje. Huko ndiko kubahatisha.

Mwenzangu angejibu kwamba pale mtunzi anapojulikana, maana hutulia. Nimwoneshe mfano wa karibu. Gidi Gidi Maji Maji walipotoa "Unbwogable" mwaka 2002, hakuna aliyeshindania umiliki. Watunzi walikuwa hai, vijana, wanahojiwa redioni. Waliutunga wakiwa na shida zao wenyewe za maisha na za muziki. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 27 mwaka ule, muungano wa upinzani wa NARC ulikuwa umeuchukua, umati ukauimba dhidi ya chama tawala cha KANU, na nchi nzima, hata sisi tusiojua Kijaluo, tulijua unasema kwamba hatutishiki. Joyce Nyairo na James Ogude waliliandikia makala jambo hili mwaka 2005, na wasiosoma makala ile wasiniletee ubishi. Mtunzi alijulikana, akaulizwa, akajibu, na maana bado ikaenda watu walikoipeleka.

Watu wa Pwani wanalijua hili zamani kuliko sisi wa vyuoni. Katika taarabu, mwanamke anayeinuka kwenda kutunza huchagua ubeti wake. Hupita mbele na noti mkononi, hutazama upande fulani wa ukumbi, na kila aliyeketi anajua fumbo limemwangukia nani jioni ile, ingawa mshairi aliyeutunga wimbo alikuwa na mtu mwingine kabisa moyoni. Kelly Askew aliyaeleza haya vizuri akiandika juu ya Tanga. Hakuna anayesimamisha muziki kuuliza mshairi alikusudia nini. Ndiyo sababu pia siwafuati wanaomlaumu Makeba kwa kuimba, yeye mwanamke, maneno ya mwanamume anayetaka kuoa. Mwimbaji huvaa sauti ya mtu mwingine, na wanawake wa taarabu wamevaa sauti za washairi wanaume tangu enzi za Siti binti Saad.

Ikiwa msichana hatusaidii, tushike nini? Tushike mali. Na hapa niruhusuni nifungue kitabu nikipendacho kuliko vyote vilivyoandikwa juu ya nchi hii yetu.

Günter Wagner, Mjerumani, alifanya utafiti wake kati ya Wamaragoli na Wabukusu katika miaka ya 1930, wakati Kakamega ilipokuwa makao makuu ya wilaya iliyoitwa North Kavirondo. Juzuu ya kwanza ya kazi yake ilitoka 1949, ya pili 1956. Najua udhaifu wake. Alikuwa mgeni chini ya serikali ya kikoloni, na lugha yake kuhusu babu zetu mara nyingine inaudhi. Lakini alikuwa na subira ya kuketi na watu na kuwauliza mambo madogomadogo, na kurasa zake za ndoa ni hazina. Wagner hakuona mahari kama bei. Aliona ng'ombe wanavyotembea: wanaokuja kwa ajili ya binti ndio watakaoondoka tena kwa ajili ya kaka yake, na kwa hiyo kijana wa kiume anamngojea dada yake aolewe ndipo naye aoe. Baba ndiye anayeshika kamba ya ng'ombe hao. Mimi hukirudia kitabu hiki kila ninapokwama, na sijawahi kukifunga bila kuondoka na kitu. Wanafunzi wangu wananijua kwa jambo hili, na nawahimiza hapa hadharani: kabla hamjamsoma mwananadharia yeyote wa Ulaya juu ya maana ya wimbo, msomeni Wagner juu ya ng'ombe.

Kisha tazameni kilichokuwa kikitokea alipokuwa akiandika. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa hapa Kakamega. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, na Desemba 1932 serikali ikaibadilisha sheria ya ardhi ya Waafrika iliyokuwa na miaka miwili tu ili machimbo yapate nafasi. Vijana wakazidi kushika mshahara, wengine migodini, wengine Nairobi. Fedha ikaingia katika njia ya ng'ombe. Kijana aliyetegemea ng'ombe wa dada yake sasa aliambiwa atafute mwenyewe, na aliporudi na fedha alikuta kima cha mahari kimepanda. Kwa majirani zetu wa Gusii, Brett Shadle amefuatilia katika kitabu chake cha 2006 jinsi mahari ilivyopanda mno katika miaka ya 1940, vijana wakashindwa, wapenzi wakatoroka pamoja, na mahakama za wazee zikajaa kesi za mabinti. Miaka ya 1940! Ndiyo miaka ambayo Adam Salim alisema aliutunga wimbo wake. Sisemi kwamba wimbo ulitungwa Kisii. Nasema kijana anayelia kwamba ana mapenzi na hana mali alikuwa na wenzake wengi kutoka Taita hadi huku magharibi, na alipopata gitaa aliimba walichokuwa nacho moyoni wote. Katika bendi ya Equator Sound, Fadhili alipiga pamoja na Daudi Kabaka, mtoto wa Kimaragoli. Sidhani Kabaka alihitaji kuelezwa wimbo ule unahusu nini.

Mimi pia sikuhitaji. Nilisoma kidato cha tano kwa ng'ombe wa dada yangu. Waliletwa kutoka upande wa Lugari, wakapitishwa mbele ya nyumba, na kabla ya juma kwisha wawili walikuwa wameuzwa sokoni na karo yangu imelipwa. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na mchumba wake tayari, alisimama kwenye ua akiwatazama wakiondoka. Hakusema neno. Jioni aliwasha redio, na sitasahau kwamba wimbo huu ulipoanza aliuzima. Alimwoa mchumba wake baadaye, baada ya kufanya kazi ya kukata miwa miaka mingi, na ng'ombe wa mwisho alimpeleka akiwa na watoto.

Nimeeleza haya kwa sababu kuna hoja nyingine dhidi yangu, na ni nzuri kuliko ya mwenzangu. Inasema: kama wimbo ni wa mali na kushindwa, mbona watu wanaupiga harusini? Mbona bibi harusi anaingia ukumbini hapa mjini kwa wimbo wa mwanamume aliyeshindwa kuoa? Wapo wanaojibu kwamba watu hawasikilizi maneno. Siwezi kukubali. Mali inatajwa kabla ubeti wa kwanza haujaisha, kwa Kiswahili ambacho kila mtu ukumbini anakijua. Watu wanasikia. Ninavyoona, bwana harusi anauchukua wimbo kama mwanamke wa taarabu anavyouchukua ubeti: anautunza. Anaufanya useme, mbele ya ukoo wote, kwamba neno la kushindwa lilimkaribia yeye pia. Hilo linaweza kuwa ushindi. Linaweza pia kuwa malalamiko, maana wengi wetu hufunga harusi kanisani huku deni la mahari likiwa bado. Nyinyi wazee mliokuja kutusikiliza mnajua yanayofuata deni hilo. Mke akifariki kabla ng'ombe hawajaisha, wakwe huja matangani, na jeneza linaweza kusubiri mpaka wanaume wamalize kuzungumza nyuma ya nyumba.

Hapa ndipo inapoingia imani yangu ninayoishikilia tangu ujana. Naamini anayesemeshwa katika "Malaika" ni baba wa binti. Nimekwisha kukiri kwamba hatajwi. Nakubali pia kwamba sarufi yote ya wimbo inamwelekea mpenzi, na mwanafunzi makini atanionesha kwamba mimi mwenyewe nimekataza kuongeza watu waliowekwa nje. Nimeipima hoja hiyo, na ina uzito. Lakini kuna tofauti kati ya mshindani, ambaye wimbo unakamilika bila yeye, na mpokea mahari, ambaye bila yeye neno la mali halina pa kwenda. Anayesema angeoa kama angekuwa na mali lazima awe na mtu wa kumkabidhi mali hiyo. Binti hapokei ng'ombe. Mama hapokei, ingawa ana fungu lake. Na kijana anapojiita wa rika la binti, anawaweka wawili hao upande mmoja, na upande wa pili anabaki mzee. Hamtaji kwa heshima, kwa kuwa mkwe hatajwi ovyo, na anayetumaini bado kuoa hawezi kumlaumu kwa jina.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, malipo ya ishara tu yanatosha. Imeandikwa, na nimeisoma mbele ya wazee katika vikao vya posa nilivyoalikwa. Husikiliza kwa adabu, kisha karatasi ya orodha hutandazwa mezani na hesabu huendelea kutoka ilipoishia. Siku ya harusi, baba huyo huyo huketi kiti cha mbele, na wimbo unapopigwa yumo ukumbini, umbali wa hatua chache kutoka kwa mkwewe. Hapo wimbo umemfikia. Mwenzangu akitaka kujua unamhusu nani, aje harusini Jumamosi yoyote hapa Kakamega, na badala ya kumtazama bibi harusi amtazame mzee yule.