Upasuaji wa Mshipa wa Shingo: Ganzi au Nusukaputi?



Kila upande wa shingo hupita mshipa mkubwa uitwao karotidi, unaopeleka damu kwenye ubongo. Mafuta yakijijenga ndani yake, njia huwa nyembamba, na kipande kikimeguka na kupanda kichwani huleta kiharusi. Mara nyingine onyo hutangulia: mkono unalegea, mdomo unapinda au jicho moja linaingia giza, kisha baada ya dakika chache mtu anarudi hali yake. Aliyepata onyo hilo asiseme yamepita. Hatari ya kiharusi kikubwa huwa juu zaidi katika siku za mwanzo.

Mshipa ukiwa umeziba kwa asilimia 70 au zaidi, lakini damu bado inapita, madaktari wanaweza kushauri upasuaji wa kuondoa mafuta hayo. Hapo familia huuliza: mzee alazwe kwa nusukaputi, au adungwe ganzi ya shingo akiwa macho?

Kila njia ina faida yake. Wakati wa upasuaji mshipa hubanwa kwa muda. Mgonjwa aliye macho huzungumzishwa na kuombwa aminye kitu kwa mkono wa upande wa pili. Mkono ukilegea au maneno yakipotea, daktari hujua kwamba ubongo haupati damu ya kutosha, akaweka mrija wa kuipitisha. Lakini mgonjwa lazima atulie, na si kila mtu anaweza. Kwa nusukaputi mgonjwa hahisi lolote, ila hali ya ubongo hufuatwa kwa mashine, na presha yaweza kushuka.

Ipi ni salama zaidi? Utafiti wa GALA, uliotangazwa mwaka 2008, uliwagawa wagonjwa 3,526 katika nchi 24 kwa bahati nasibu. Kufikia siku 30 baada ya upasuaji, waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo, au waliofariki, walikuwa asilimia 4.8 kwa nusukaputi na asilimia 4.5 kwa ganzi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema kwamba njia moja imeishinda nyingine.

Kwa hiyo familia isicheleweshe matibabu kwa kubishania usingizi. Upasuaji huu hufaa zaidi ukifanywa ndani ya siku 14 tangu dalili zionekane. La muhimu ni kumweleza daktari wa nusukaputi ukweli wote: presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, sigara, dawa zinazotumiwa, hata hofu ya kupasuliwa akiwa macho. Mgonjwa asiache dawa yoyote bila kuambiwa.

Na baada ya upasuaji, shingo ikivimba, pumzi ikibana, kichwa kikiuma sana au mkono ukilegea, muuguzi aitwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane.