Filamu, Makatazo na Hiari ya Muumini

(Mawaidha yaliyotolewa mjini Tabora baada ya swala ya Ijumaa)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, Uislamu ulifika Unyamwezi kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Kaze, ndiyo Tabora yetu hii, kisha Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pia minyororo ya watumwa, nalo hatulifichi. Lakini wapo wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka pwani na pembe mabegani, wakarudi na shahada kwa hiari yao. Tumelitanguliza hili kwa sababu baadhi ya wazee wametutaka tumfukuze madrasa kila kijana atakayeonekana akitazama filamu, iwayo yote. Nao baadhi ya wazazi wasema kila mtu na nafsi yake, mwalimu asiingilie.

Sisi wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulitoroka chuoni kwenda vibanda vya video kutazama filamu za Kihindi na za mapigano zilizofasiriwa na Lufufu. Tulichapwa. Tulichojifunza kwa bakora zile ni kutokea mlango wa nyuma.

Pamoja na hayo, mwaka jana tulimkuta mwanafunzi wetu na simu, ndani yake tamthilia ya Kituruki yenye sauti za Kiswahili. Tukaivunja simu mbele ya wenzake. Kijana hakurudi. Siku ya tatu akaja mama yake, akasema kwa upole: “Maalim, simu ile ni ya baba yake, na wanunuzi wa asali hutupigia kwa hiyo hiyo.” Tuliona haya. Tulikuwa tumesoma miaka mingi kwa Kiarabu kwamba Imamu Abu Hanifa alimtaka mwenye kuvunja ala ya muziki ya mwenziwe alipe thamani ya ubao wake, tukasahau siku ya kuhitaji elimu hiyo. Simu tuliilipa.

Wala tusidhani ukali husimama pale tunapotaka usimame. Moustapha Akkad, Mwislamu mzaliwa wa Halab, alitoa filamu ya Ar-Risala mwaka 1976, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Mtume (s.a.w.) haonekani humo wala sauti yake haisikiki. Hata hivyo wanachuoni walihitilafiana juu yake, na hitilafu hiyo ina hoja zake, hasa kuhusu kumwigiza Sayyidna Hamza. Lakini mwezi Machi 1977 watu wenye silaha waliteka majengo matatu mjini Washington, na mojawapo ya madai yao lilikuwa filamu hiyo isitishwe, nao hawajaitazama. Mwandishi wa habari mmoja kijana aliuawa. Mwaka 2005 Akkad mwenyewe na binti yake waliuawa kwa mabomu ya hoteli za Amman, yaliyolipuliwa na watu waliodai kuipigania dini.

Hatusemi kila filamu ni halali. Zipo ambazo mtu mwenye haya hawezi kuzitazama na mwanawe, na hata serikali yetu ina sheria ya ukaguzi wa filamu tangu mwaka 1976. Suratun-Nur imeamrisha kuinamisha macho, na imeanza na wanaume, jambo ambalo sisi wanaume hulipita haraka. Lakini Suratul-Hujurat nayo imekataza upelelezi. Na Bwana Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini, akamkinga Bibi Aisha mpaka alipotosheka kutazama.

Basi kwa madrasa yetu tumeamua hivi. Simu haiingii darasani. Nje ya darasa hatutapekua mfuko wa mtu. Kila Alhamisi baada ya Alasiri, kijana aliyetazama filamu aje aieleze, tuulizane palipo na haramu na palipo na mazingatio. Mzee asiyeridhika naye aje, aseme mbele yao.

Yule kijana amerudi wiki iliyopita. Hukaa safu ya nyuma, karibu na mlango, na salamu zetu huzijibu kwa sauti ya chini.

Wabillahi tawfiq.